Kumfuata mwenzi Ujerumani: majibu ya maswali yenu

Barua za mwezi huu karibu zote zimeulizia Ujerumani. Nimechagua sita. Mimi mwenyewe niliomba viza hii Dar es Salaam nikimfuata mume wangu, na faili langu lilikaa miezi kadhaa ya ziada kwa sababu jina la baba lilikuwa na herufi moja tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo mtanivumilia nikirudia jambo la majina.

Dada, nilifunga ndoa ya Kiislamu Tanga mwaka 2021, sheikh akatupa cheti cha msikiti. Mume wangu ni muuguzi Hamburg. Cheti hiki kinatosha? Tena pasipoti yangu ina majina mawili, cheti cha kuzaliwa kina matatu.

Mdogo wangu, ndoa yako ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi. Unachokosa ni ushahidi ambao ofisa asiyekujua ataweza kuufuatilia hadi kwenye daftari la serikali. Cheti cha msikiti hakimfikishi huko.

Anza kwa sheikh wako. Muulize kama ana leseni ya kufungisha ndoa na kama alijaza kitabu cha serikali, kile ambacho nakala yake hupelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama alijaza, cheti chako kipo, kifuatilie. Kama hakujaza, nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya mkaulize utaratibu wa kusajili ndoa iliyokwishafungwa. Aliyefunga ndoa Unguja au Pemba ana mamlaka yake ya usajili huko huko Zanzibar, asipoteze nauli kuja RITA.

Sasa majina. Amueni jina moja litakalosimama kwenye pasipoti, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA, kisha urekebishe kinachopishana. Mara nyingi pasipoti ndiyo ya kubadilisha, maana cheti cha kuzaliwa ndicho mzizi. Hati ya kiapo husaidia kueleza tofauti, lakini haifanyi karatasi mbili zinazopingana zikubaliane. Na usikimbilie kutoa cheti kipya cha kuzaliwa wiki moja kabla ya miadi. Mtu wa miaka thelathini aliyesajiliwa mwezi uliopita ataulizwa maswali, na ni haki yao kuuliza. Kama ulisajiliwa ukubwani, ambatanisha kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, chochote cha zamani chenye jina na tarehe.

Mumeo naye ana kazi yake: mkataba wa ajira, hati za mshahara za miezi ya karibuni, bima ya afya na mkataba wa nyumba. Ukubwa wa nyumba haudaiwi tena tangu Machi 2024 kama kibali chake ni cha mfanyakazi mwenye ujuzi uliotambuliwa rasmi; kwa wengine huhesabu takribani mita za mraba 12 kwa kila mtu mwenye miaka sita na zaidi, na 10 kwa mtoto mdogo kuliko hapo. Hao, chumba cha kuchangia na wenzao wawili hakitapita.

Niko Kisumu, mke wangu amepata uraia wa Ujerumani. Bado nahitaji mtihani wa Kijerumani? Nina cheti cha masomo ya mtandaoni.

Ndiyo kaka, unahitaji kiwango cha A1, kile cha mwanzo kabisa. Cheti cha kuhudhuria masomo hakikubaliki, lazima kiwe cha mtihani unaotambuliwa, kama wa Goethe-Institut, ÖSD au telc. Goethe-Institut ipo Nairobi na Dar es Salaam pia. Mtihani una kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na unafaulu kwa alama 60 kati ya 100. Wanaojisomea kwa simu huanguka kwenye kuzungumza, basi tafuta mtu wa kuongea naye.

Jambo linalowashangaza wengi: mke wako angekuwa Mfaransa anayeishi na kufanya kazi Munich, usingedaiwa A1, kwa kuwa angetumia haki za raia wa Umoja wa Ulaya. Uraia wa Ujerumani wenyewe haukupi nafuu hiyo. Wanaosamehewa mtihani ni pamoja na wenzi wa wenye Blue Card (kibali cha Umoja wa Ulaya cha wataalamu) na wa wafanyakazi wenye ujuzi uliotambuliwa rasmi. Dada wa Tanga, hapo upo wewe, kama kibali cha mumeo ni cha muuguzi aliyetambuliwa na si cha mwanafunzi wa uuguzi. Mwambie akupigie picha kadi yake ya ukaazi, msome kifungu kilichoandikwa.

Nimeolewa Berlin. Mwanangu yuko Mombasa kwa bibi yake, atatimiza miaka 16 Septemba. Baba yake hatujui aliko tangu 2015. Nifanye nini?

Mama, swali lako ndilo la haraka kuliko yote. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 16 hadaiwi lugha. Akishafikisha, na asiposafiri pamoja na mzazi, hudaiwa Kijerumani cha C1, ambacho hata wanafunzi wa chuo kikuu hukihangaikia, au athibitishe kwa elimu yake kwamba ataweza kuzoea maisha ya huko. Kinachohesabiwa ni umri wake siku ombi linapowasilishwa. Kuwa kwenye foleni ya miadi si kuomba. Tangu Januari 2025 balozi za Ujerumani zina mfumo wa kuomba mtandaoni. Tuma humo sasa, na uuandikie pia ubalozi wa Nairobi kwa maandishi, ukitaja tarehe yake ya kuzaliwa na kwamba unaomba kabla haijapita. Karatasi zinazokosekana utazipeleka baadaye.

Baba yake ndiye mlima wenyewe. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe walioana au hawakuoana. Kwa hiyo Wajerumani watataka ama idhini yake iliyoandikwa mbele ya wakili, ama amri ya mahakama inayokupa wewe peke yako malezi ya kisheria. Barua ya chifu kwamba baba hajulikani aliko ni ushahidi mzuri wa kupeleka Mahakama ya Watoto pale Tononoka, lakini haichukui nafasi ya amri. Tafuta wakili wiki hii, kwa sababu mahakama inaweza kuagiza baba atafutwe kwa tangazo gazetini, na hilo lina muda wake.

Na zungumza na mtoto mwenyewe. Wapo wanaofika wamenyamaza, wamemwacha bibi aliyewalea, na miezi ya kwanza shuleni hawaelewi neno.

Mzee wangu anaishi Cologne na mke mkubwa. Mimi ni mke wa pili, ndoa yetu imesajiliwa. Naweza kuomba?

Hapana, dada. Sheria ya ukaazi inakataza mke mwingine kujiunga ikiwa mmoja tayari anaishi na mume huko. Ndoa yako inabaki halali nyumbani, na watoto wako wanaweza kuombewa kwa idhini yako. Atakayekushauri mwandike talaka ya karatasini anakutumbukiza kwenye uongo utakaowafuata nyote.

Bwana yangu amepata makaratasi Bremen, mimi na watoto ni Wakongomani, tuko Kampala tangu 2022. Kaka yangu mdogo aje nasi?

Kwanza uliza makaratasi gani. Kama ametambuliwa kuwa mkimbizi, ombi lenu likitumwa ndani ya miezi mitatu tangu uamuzi wake kuwa wa mwisho, hamtadaiwa mshahara wake wala ukubwa wa nyumba. Msikose siku hizo. Kama amepewa ulinzi wa ziada tu, yaani hakutambuliwa kuwa mkimbizi ila kwao ni hatari kurudi, kuunganisha familia kumesimamishwa kwa miaka miwili tangu Julai 2025, isipokuwa kwa dharura nzito za kibinadamu. Kaka yako, nasikitika, hahesabiwi. Mlango huu ni wa mwenzi na watoto wadogo.

Nimenyimwa viza. Mtu mmoja anataka shilingi milioni tatu anisaidie kukata rufaa ubalozini.

Usimpe hata mia. Ile rufaa ya kuandikia ubalozi ufikirie upya ilifutwa Julai 2025, kwa hiyo kishoka huyo anakuuzia kitu ambacho hakipo. Njia zimebaki mbili: kuomba upya, au kufungua kesi Mahakama ya Utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu upokee barua. Isome barua hiyo na mtu anayejua Kijerumani. Ikisema karatasi zilikosekana, ombi jipya lililokamilika kwa kawaida ni la haraka zaidi, na ada ya mtu mzima ni euro 75. Ikisema hawaamini ndoa yenu, hapo mumeo atafute wakili Ujerumani, nawe anza kukusanya kumbukumbu za pesa alizokutumia, tiketi za safari zake na picha za harusi zenye wazazi wa pande zote mbili.