Usikubali hiyo dola 2,300 ya Mombasa–Kampala kabla hujahesabu siku

Ndugu, usisaini kitu kesho. Umeandika kwamba hosi (kichwa cha kuvuta) na trela lako la ekseli tatu ndiyo kwanza vimesajiliwa, broka anakupa kontena la futi 20 kutoka Mombasa hadi Kampala kwa dola 2,300, kontena tupu unarudisha wewe, na jibu analitaka kesho. Halafu umeuliza ukate bima gani na ununue matairi ya aina gani. Hayo yatasubiri. Hiyo bei ndiyo itakayokuuzisha gari.

Unagawa pesa kwa kilomita, kama broka alivyokufundisha: "Njia ni kilomita 1,170, karibu dola mbili kwa kilomita, unataka nini tena?" Huo ni uongo na anajua ni uongo. Kontena tupu linarudi depo ya Mombasa, kwa hiyo safari ni kilomita 2,340. Na huku unarudi, trela limekaliwa na boksi tupu, hupakii gunia hata moja. Labda kampuni ya meli ikubali kontena hilohilo lishuke na kahawa, na hilo linaulizwa kabla ya kupakia, siyo ukishafika Kampala.

Lakini kilomita si kitu ukilinganisha na siku. Chukua daftari. Loli lenye mzigo kwenye njia ile linakwenda kama kilomita 1.9 kwa lita, likiwa na tupu kama 2.8. Hiyo ni lita 615 kupanda na 418 kushuka, jumla karibu 1,030. Weka dizeli dola 1.3 kwa lita: 1,339. Matairi yako ni 22. Ukinunua kwa dola 300 moja na yakadumu kilomita 80,000, safari hii imekula 193. Oili, grisi, maegesho na vidogovidogo vya njiani, weka 120. Zimebaki 648, na dereva na tanboi (msaidizi wake) hawajala bado.

Wape hao wawili dola 25 kwa siku. Safari ikiisha kwa siku 9, unabaki na 423, yaani 47 kwa siku. Kama benki unailipa 1,200 kwa mwezi, ni 40 kwa siku. Umepona kwa dola saba kwa siku. Sasa gari hilohilo, bei hiyohiyo, likae yadini kwa mwenye mzigo mpaka safari ifike siku 18. Unabaki na 198, dola 11 kwa siku, na benki bado inataka 40. Safari hiyo moja umeingia hasara ya 522, na hakuna tairi lililopasuka wala polisi aliyekusimamisha. Badilisha namba uweke zako, jibu litabaki lilelile. Bei igawe kwa siku, kuanzia saa unayoingia kupakia mpaka saa unayokabidhi tupu.

Siku zinapotelea wapi? Mpakani Malaba foleni inaonekana na kila mtu anailaumu. Siku nyingi zinaliwa Kampala, kwa mwenye mzigo. Tangu utaratibu wa himaya moja ya forodha uanze mwaka 2014, mzigo wa kutumika nchini Uganda hulipiwa kodi URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kabla haujatoka Mombasa. Unaokwenda ghala la bondi huja bila kodi kulipwa. Muulize broka swali hilo moja: ni wa kulipiwa au wa bondi? Wa bondi unasubiri afisa aje afungue sili ya kielektroniki, unasubiri nafasi ghalani, unasubiri mwenye mali atafute pesa. Muda wote huo trela lako ndilo ghala lake, tena la bure. Mimi nimelilipia kosa hili kwa trela zima, na aliyenipangia mzigo alichukua kamisheni yake siku ya kwanza, hakupokea simu tena. Mabroka wanajua kabisa mteja yupi anakawiza magari. Hawakwambii kwa sababu siku zako haziwagharimu chochote.

Na kuchelewa kunakurudia mara ya pili. Kontena lina siku za bure za kampuni ya meli. Zikipita, inatoza kila siku. Broka atakukata wewe kwenye salio, ingawa aliyechelewesha ni mteja wake. Salio lenyewe hulipwi mpaka upeleke karatasi ya intachenji, inayothibitisha depo imepokea kontena tupu. Na kama mlipaji ni wakala wa kuzuia kodi, yaani anayekata kodi kwa niaba ya URA kabla ya kukulipa, malipo yakizidi shilingi milioni moja ya Uganda URA inachukua asilimia 6, ambayo hapa ni dola 138. Dai cheti chake, utakatiwa kwenye kodi yako ya mwaka, ila leo hazimo mfukoni.

Ndiyo maana delivari noti lazima iwe na saa. Siyo mhuri na tarehe tu. Dereva akifika getini aandike "nimefika saa 4:20 asubuhi", mlinzi au karani wa yadi asaini palepale, kisha apige picha ya karatasi, geti na namba ya trela kwa pamoja. Akishusha, vivyo hivyo. Karatasi isiyo na saa ya kuingia, hudai demareji (fidia ya gari kukawizwa) hata senti.

Uzito usiuchukue kwa mdomo pia. Ekseli zako zinaruhusiwa tani 8 mbele, 18 za kuvuta, 24 za trela, jumla tani 50. Jumla inaweza kupita na bado mizani ya Mariakani ikakushika kwa sababu kontena limekaa mbele mno, likalemea zile za kuvuta.

Leo usiku mtumie broka maneno haya kwa maandishi: "Siku mbili za kushusha ni bure. Kuanzia ya tatu ni dola 100 kwa siku. Gharama za kontena kuchelewa kwa mteja ni za mteja. Asilimia 70 kabla ya gari kutoka Mombasa. Mzigo ni wa kulipiwa au wa bondi?" Akijibu, bandika jibu lake hapa tulisome kabla hujajaza dizeli.