Usiwaongezee magoblini HP! Shida ni mahali ulipowasimamisha

Mkuu, nimesoma swali lako kuhusu pambano unaloandaa kwenye Dungeons & Dragons (D&D, mchezo wa mezani wa kuigiza kwa kete), nimefika pale uliposema "magoblini 12, ukumbi mmoja, nitawapandisha HP kutoka 7 hadi 30 wasife haraka" nikaacha kusoma. HP ni pointi za uhai, zikiisha kiumbe anaanguka. Acha. Futa. Umeuliza pia kuhusu mitego na hazina ya kuwapa wachezaji, lakini hazina utampa nani kama mezani pamebaki karatasi za wahusika waliokufa?

Tupige hesabu ya kundi lako: watu 4 wa levo 5, kanuni za D&D za 2014. Goblini wa kitabuni ana AC 15 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate), HP 7, na mshale wake una +4 (unajumlisha kwenye kete ya pande 20), madhara 1d6+2 (kete moja ya pande 6, jumlisha 2), yaani wastani wa 5.5. Magoblini 12 ni XP 600 (pointi za uzoefu, ndizo zinazopimia ugumu wa pambano), zidisha mara 3 kwa sababu ya wingi wao, unapata 1,800. Pambano la wastani kwa kundi lako linaanzia 2,000. Kwa hiyo jedwali linakwambia "rahisi", nawe unaona huruma, unaongeza HP. Hapo ndipo shimo lilipo.

Mchawi wako akirusha mpira wa moto, wastani ni 28. Goblini wa HP 7 anakufa hata akifaulu kete ya kujiokoa, maana nusu ni 14. Sawa, wamekufa kama nzi, umeudhika. Sasa wape HP 30. Mpira uleule, kete zilezile, na wote 12 bado wamesimama, wengine wakiwa na HP 2. Mchawi wa levo 5 ana nafasi 2 tu za uchawi wa kiwango cha 3 kama mpira huo, na moja imeshaenda bila kuua hata mmoja.

Halafu zamu yao inafika. Mchawi mwenye deraya ya uchawi ana AC 15, na mwenye HP 32 hapo anahesabiwa mzima wa afya. Mishale 12 yenye +4 inampata nusu kwa nusu, kwa hiyo 12 × 0.5 × 5.5 = 33. Mchawi chini. Raundi ya kwanza! Na kwa kuwa kitabu kinasema viumbe wa aina moja warushiwe kete moja ya kupanga zamu, mishale yote 12 inaondoka mfululizo kabla kuhani hajafungua mdomo. Goblini mmoja akisogea akamchoma aliyezirai kutoka futi 5, pigo likimpata ni la kete maradufu na linahesabiwa kufeli mara mbili, na kufeli mara tatu ni kifo.

Wakati huo askari wako anafanya nini? Ana +7, upanga 1d8+4, mapigo mawili kwa zamu. Goblini wa HP 7 angemwangusha kwa pigo moja mara nyingi linapompata. Wa HP 30 anataka mapigo manne, na askari anapata 65% tu ya anayorusha. Hizo ni raundi 3 kwa goblini MMOJA. Jumla ya HP imetoka 84 hadi 360 na mishale inaendelea kuja kila raundi kama mvua ya masika. Nguvu ya kundi la wanyonge ni idadi ya mapigo, na ukiwaongezea uhai umeongeza mapigo. Kuna jamaa wa video aliyesema "zidisha HP mara nne, wachezaji wataona utamu" sidhani kama aliwahi kurusha hizo kete kwa mkono. Aliwaza HP kama chumvi. Ndugu yangu, chumvi ikizidi chakula kinamwagwa, na mimi nilishamwaga sufuria nzima.

Kanuni ni moja: usiguse HP, gusa wanaposimama. Mpira wa moto una upana wa futi 40, yaani miraba 8 ya ramani. Waweke wawiliwawili, kila jozi futi 45 au zaidi kutoka nyingine. Kona peke yake haisaidii, moto ule unapinda kona. Umbali ndio unasaidia. Ukumbi ni mdogo? Vunja ukuta kwenye ramani, ongeza ghorofa, ongeza uvungu, ramani ni yako.

Kisha tumia walichopewa bure. Goblini ana mwendo wa futi 30, na kujificha kwake ni kitendo cha ziada. Anatoka nyuma ya nguzo futi 15, anapiga, anarudi futi 15, anajificha kwa +6. Kama utambuzi wa kawaida wa wachezaji (ule usiorushiwa kete) ni 13, anafaulu mara 7 kati ya 10. Raundi inayofuata anapiga kutoka mafichoni, kete mbili achukue kubwa. Dhidi ya askari wa AC 18, 35% inakuwa karibu 58%. HP bado 7.

Wachezaji watasema "nangoja atokeze nimpige". Waache! Askari akingoja anapoteza pigo la pili, maana kungoja kunampa pigo moja tu. Mchawi akingoja na uchawi mkononi, nafasi imeshatumika na inabidi ashikilie umakini, akiupoteza uchawi unapotea. Kila mshale unaompata unadai kete yake peke yake ya kulinda umakini, lengo 10, hata kama madhara ni 3. Mwenye +2 anafeli 35% kila mara. Mishale mitatu ikimpata, nafasi ya kupoteza uchawi inapita 70%.

Zamu zao zigawe makundi matatu ya wanne, kila moja na kete yake, ili wachezaji wapate kupumua katikati. Kundi la pili liingie raundi ya 2. Wakifa nusu, waliobaki watimue mbio.

Chukua kifutio, sogeza hizo nukta 12, uweke picha ya ramani hapa kabla hamjacheza. Nikiona HP nyingine pembeni tofauti na 7, siifungui.