Kuuliwa bosi kumesaidia nini?
Hakujasaidia yakhe. Brian Thompson, bosi wa UnitedHealthcare, kampuni ya bima ya afya ya Marekani, kauliwa New York tarehe 4 Disemba 2024, Januari tu keshawekwa mwengine, Tim Noel. Hisa zao kweli ziliporomoka 2025 lakini hizo ni gharama za matibabu zilozidi makadirio yao, si risasi. Hasira za mtu kunyimwa matibabu mie nazielewa, ila roho ya mtu si yako kuitoa, na yule baba wa watoto wawili. Tena soma khabari za mgomo wa Homestead, Pennsylvania, 1892, Berkman, mwanaharakati anayepinga serikali na matajiri, kampiga risasi Frick bosi wa kiwanda cha chuma akamchoma na kisu juu yake, Frick kapona karudi kazini, wagomaji ndo walokimbiwa na watu, mgomo ukafa Novemba mwaka ule ule, Berkman kala jela miaka 14.