Maswali Yenu ya Afya: Mama anahema akipanda kwenda Mwanga, mazoezi ya pumzi yatamsaidia?

SWALI: Shikamoo dokta. Tunaishi Mwanga hapa Kigoma. Mama ana miaka 68, tangu tuko wadogo anachemsha mawese na kubanika migebuka ya kuuza, ndo kazi iliyotusomesha wote. Sasa mwaka huu akishuka kule chini stesheni, kurudi juu na barabara ya Lumumba anasimama kila baada ya nguzo chache, anashika kiuno anahema, afu anajifanya anasalimiana na watu ili wasijue kachoka. Jirani kasema afanye mazoezi ya kupumua, mdogo wangu anasema huo ni uzee tu tumwache apumzike. Tumsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la "uzee tu" maana ndo neno linaloumiza wazee wengi huku kwetu, mtu anaugua miaka na watu wanamwambia ni umri. Kweli mapafu yanazeeka, nguvu yake inakuwa juu kabisa kwenye miaka ya ishirini na kitu, baada ya hapo inapungua polepole, mbavu zinakakamaa na misuli ya kuvutia hewa inalegea. Lakini kilima alichokuwa anakipanda vizuri juzijuzi tu, leo anakipanda kwa kusimama simama, hapo kuna kitu na lazima kitafutwe.

Na mimi kwa mama yako ninauwazia sana huo moshi. Moshi wa kuni ukiuvuta miaka na miaka unaharibu njia za hewa kama sigara inavyoharibu, ndo maana tunaona wamama ambao hawajawahi kushika sigara wana ugonjwa sugu wa mapafu. Ila inaweza ikawa moyo pia, au presha, au upungufu wa damu, na kama anakohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi ya TB, kipimo na dawa ni bure. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, au aanzie kituo cha jirani wampe rufaa, ana zaidi ya miaka 60 kwaiyo ulizeni dirisha la wazee asikae foleni. Waambieni wazi kazi aliyofanya na ni miaka mingapi, maana wasipouliza na nyie mkinyamaza hilo halitaandikwa kwenye faili.

Sasa mazoezi. Jirani yenu hajakosea, yanasaidia kweli, ila inabidi mjue yanasaidia nini. Hayarudishi pafu lililoharibika. Yanachofanya ni kumpa mama namna ya kuitumia vizuri hewa aliyonayo, na ukiangalia maisha ya mtu mzima hilo si dogo hata kidogo, kwenda sokoni mwenyewe, kufika msibani bila kubebwa na bodaboda, kuongea na wajukuu sentensi nzima bila kukatika.

Zoezi la kwanza ndo muhimu kuliko yote. Avute hewa kwa pua taratibu, mdomo umefungwa, ahesabu moja, mbili. Halafu abane midomo kidogo kama anapuliza uji wa moto, atoe hewa polepole akihesabu moja mpaka nne. Kutoa kuwe kurefu mara mbili ya kuvuta. Asipulize kwa nguvu, mashavu yasivimbe. Kwanini hivyo? Kwa mtu mwenye njia za hewa zilizoharibika, akitoa hewa haraka vile vijinjia vidogo vinajifunga mapema, hewa ya zamani inabaki imenasa ndani, ile mpya inakosa nafasi ya kuingia, ndo maana anahisi kifua kimejaa huku anakosa pumzi. Ule mbano wa midomo unafanya hewa irudishe msukumo ndani kidogo, vijinjia vinabaki wazi, hewa inatoka.

Ajifunze akiwa mzima amekaa barazani, asubuhi na jioni dakika tano tano zinatosha kuanzia, asisubiri mpaka azidiwe ndo aanze kukumbuka midomo inabanwaje. Akishazoea aende nalo kilimani: avute hewa hatua mbili, atoe hatua nne. Akiona hatua nne ni nyingi afanye tatu. Na kitu kizito, ndoo au beseni la samaki, anakinyanyua wakati anatoa pumzi, asiibane. Wengi wanabana pumzi wakinyanyua na hapo presha inapanda ghafla.

Akizidiwa njiani asisimame wima kushindana na kifua. Aegemee ukuta, au akae ainame mbele kidogo viwiko juu ya magoti, mabega yalegee, abane midomo atoe. Wala asione haya, hao anaowasalimia ni majirani zake.

Lile zoezi la tumbo mnaloliona kwenye simu, mkono mmoja kifuani mwingine tumboni, unavuta tumbo linapanda, ni zuri kwa mtu ambaye hana shida kubwa ya mapafu, linatuliza. Ila mwenye mapafu yaliyochoka sana wakati mwingine linamhemesha zaidi, akiona hivyo aliache abaki na lile la midomo. Na kupumua peke yake hakutoshi, atembee kila siku sehemu tambarare, kidogo kidogo aongeze, maana miguu ikiwa dhaifu inataka hewa nyingi kwa kazi ndogo. Kubanika samaki sasa wapewe vijana, au akae upande moshi hauendi, kuni ziwe kavu na jiko liwe nje. Bila hilo mnajaza ndoo iliyotoboka.

SWALI: Dokta, niko Kasulu. Mzee wetu miaka 74 aliona video ya mazoezi ya pumzi akaanza kuvuta nguvu nguvu haraka haraka, baada ya muda kidogo akasema kichwa kinazunguka na vidole vinachoma choma, tukaogopa ni stroku. Na je akiendelea anaweza kuacha vidonge vya presha?

JIBU: Hapo inaelekea alipumua kupita kiasi. Ukivuta na kutoa haraka unatoa kaboni daioksaidi nyingi kuliko mwili unavyotaka, mishipa ya kichwani inabana, ndo kizunguzungu na vidole kuchoma. Akitulia akapumua kawaida inapita yenyewe. Lakini mmefanya vizuri kuogopa, kwasababu mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea au maneno yakipotea hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, msikae kungoja. Mazoezi ya mzee ni ya polepole, akiwa amekaa kwenye kiti chenye mgongo, na mtu yuko karibu siku za mwanzo. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, tunachotaka ni ashuke taratibu, sio apande.

Vidonge asiache. Kupumua taratibu kunaweza kushusha presha kidogo, ni msaada juu ya dawa, basi. Akiona presha imekaa vizuri mwezi mzima aende kliniki na daftari lake, daktari ndo apunguze.

SWALI: Mimi ni mama mtu mzima, mume wangu alishatangulia, watoto wako Dar na Mwanza. Usiku silali, mawazo yanakimbia na moyo unadunda. Nikisali rozari naona natulia. Je ni imani yangu tu au kuna kitu mwilini?

JIBU: Pole sana dada yangu, usiku wa mtu aliye peke yake ni mrefu. Imani yako siigusi, ila mwilini kuna kitu kweli. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilitoa utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na wakisema mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwa rudiwa, vyote viwili viliwashusha pumzi mpaka karibu mara sita kwa dakika, na mwendo huo unaenda vizuri na ile kazi ya moyo na mishipa kurekebisha presha. Kwaiyo ukisali taratibu, neno kwa neno, unatoa pumzi ndefu bila kujua. Endelea, na usiharakishe ili umalize. Jirani yako Muislamu akileta uradi kwa utulivu na pumzi ndefu sioni kwanini naye asitulie.

Ila nijibu hili moja moyoni mwako: unapoamka usiku, unaamka na mawazo au unaamka unakosa pumzi? Kama inabidi ukae kitandani ndo upate hewa, au siku hizi umeongeza mito ya kulalia, au jioni miguu inavimba ukibonyeza inabaki shimo, hayo sio mawazo, ni moyo unaelemewa. Usingoje toleo lijalo la gazeti, nenda ukapimwe kesho asubuhi, na mpigie mmoja wa watoto leo umwambie.