Bustani Yako: Araukaria, sabuni na upepo wa kusi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mti mmoja: araukaria, ule mrefu ulionyooka ambao matawi yake hutoka shinani kwa duara, tabaka juu ya tabaka, kama njiti za mwavuli. Wengine huuita msonobari, wengine mti wa Krismasi.

*Salaam aleikum. Nina araukaria ya mita nne hivi mbele ya nyumba, Nyali, Mombasa, karibu sana na ufuo. Mwezi wa tano uliingia wadudu gamba, nikaambiwa niupulizie maji ya sabuni ya unga. Nimepuliza kila Jumamosi kwa wiki sita. Wadudu wamepungua, lakini upande unaotazama bahari umebabuka na kuwa wa kahawia. Upande wa nyumba ni kijani kabisa. Jirani anasema ni chumvi, niuhamishe. Nifanyeje? – Mama wa Nyali*

Wa aleikum salaam, mama. Jirani yako ameona nusu ya jambo. Chumvi ndiyo iliyochoma, lakini sabuni ndiyo iliyoifungulia mlango.

Asili ya mti huu ni kisiwa cha Norfolk, mashariki mwa Australia, ambako huota mpaka kwenye majabali ya bahari. Kila jani lake dogo limevikwa nta. Tone la maji ya bahari likitua juu ya nta hiyo hujikunja kama shanga na kudondoka. Sabuni huharibu kinga hiyo na kuyafanya maji yatandae: tone halijikunji tena, hulowesha jani zima na kuingia kwenye vitundu vya kupumulia pamoja na chumvi yake. Jambo hili lilionekana wazi katika fukwe za Sydney. Araukaria zilizokuwa zimestahimili upepo wa bahari kwa miaka mingi zilianza kukauka upande wa majini, kwa sababu maji taka yaliyomwagwa baharini yalikuwa na sabuni, na upepo ukayarusha mitini pamoja na povu la mawimbi. Wewe umepulizia sabuni msimu wa kusi, wakati upepo unapovuma kutoka baharini kwa nguvu.

Acha sabuni leo. Mara mbili kwa wiki, alfajiri, osha upande wa bahari kwa mpira wa maji baridi, yasiyo ya kisima cha chumvi, mpaka kusi itulie mwezi wa tisa. Usikate tawi lolote kwa sasa. Kusi ikishatulia, kwangua gome la tawi kwa ukucha karibu na shina: ukiona kijani chini yake, tawi li hai, liache. Lililokauka hadi ndani likate karibu na shina, ukiacha ule uvimbe mdogo wa kitako chake. Kata kwa kusita, kwa sababu tawi la chini likiondoka usitarajie lingine pahali pake. Na usiuhamishe, mti wa mita nne ukikatwa mizizi msimu huu utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Wadudu gamba waliobaki wasugue kwa mswaki laini na maji matupu. Kisha tazama shina: ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, hao ndio walinzi wa wadudu, kwa kuwa hunywa utamu wanaoutoa. Ondoa kichuguu chao na majani yoyote ya mti mwingine yanayogusa araukaria na kuwapa daraja. Dawa ya mwarobaini nayo huchanganywa na sabuni, kwa hiyo ukiitumia, iwe jioni isiyo na upepo, na uoshe mti baada ya saa moja. Maji ya kufulia usiyamwage hata shinani.

*Kijana aliyekuja kupunguza miti huku Tudor alikata ncha ya araukaria yangu akidhani itanenepa kama ua wa kuzungushia nyumba. Je, itaota tena? Na tawi nikilipanda litashika? – Msomaji wa Tudor*

Pole, ndugu. Mti huu una ncha moja tu inayojua kwenda juu, na mkasi haumfanyi araukaria kuwa ua. Baada ya miezi kadhaa machipukizi huenda yakatoka chini ya kidonda, mawili au zaidi, yote yakigombea kuwa kiongozi. Yakifika sentimita 15, chagua moja lenye nguvu na lililo karibu zaidi na katikati, ondoa mengine. Funga ufito wa mwanzi kwenye shina, kisha lishikize chipukizi kwa kitambaa kilichofungwa kama namba nane, usitumie waya. Lishapo kusimama, fungua kitambaa kabla hakijabana gome. Shina litabaki na kipindo kidogo pale, lakini mti utakuwa na kilele.

Kuhusu tawi: linaweza kushika, ila halisahau kwamba lilikuwa tawi. Litakua kwa ubavu, likitambaa, miaka yote. Mti wa kusimama hutokana na mbegu, au na ncha ile ile iliyokatwa kama ingepandwa ikiwa bado mbichi.

*Nimenunua chungu chenye miche mitatu ya araukaria. Kiwanja changu Kisauni ni cha mawe ya matumbawe. Nataka kuipanda mita mbili kutoka ukutani. Rafiki anasema nitie jivu. – Msomaji wa Kisauni*

Mita mbili hazitoshi. Matawi ya chini ya mti mkubwa hunyooka mita tatu au nne kila upande, na kwao Norfolk mti hufikia mita 60. Weka mita sita kutoka ukutani, na tazama juu kama kuna nyaya za umeme.

Miche ikiwa midogo, loweka donge la mizizi saa moja, kisha itenganishe kwa vidole polepole. Ikiwa imeshapita nusu mita na mizizi imesukana, bakiza mmoja ulionyooka na ukate miwili kwa mkasi kwenye usawa wa udongo. Kuivuta kutaumiza yote.

Panda masika yanapoanza. Vunja mwamba kwa mtaimbo, shimo liwe na upana mara tatu ya chungu, kina kisizidi donge la mizizi. Mwaga ndoo ya maji. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, panda juu ya tuta la sentimita 30. Changanya ndoo mbili za udongo mwekundu na moja ya samadi iliyooza vizuri. Tandaza majani makavu unene wa sentimita saba, lakini yasiguse shina. Mtungi mmoja wa lita 20, mara mbili kwa wiki ambazo mvua haijanyesha, unatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Jivu usitie. Mawe ya matumbawe tayari yana chokaa nyingi, na jivu huongeza tatizo lile lile: chuma kilicho udongoni hufungika, majani mapya hutoka ya njano ilhali ya zamani bado ni kijani. Ukiyaona hivyo, dawa ni mboji na chuma cha kelati (mbolea ya chuma isiyofungika udongoni), cha aina inayofaa udongo wa chokaa.

*Mvinje nao ni msonobari? – Msomaji wa Bamburi*

La. Zile "sindano" za mvinje ni vijiti, na majani yake ni magamba madogo kwenye viungo. Uvute kijiti kimoja uone kinavyoachana vipande vipande. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaotega naitrojeni ya hewani, ndiyo maana mtaalamu wa kilimo René Haller aliutumia kuanzia 1971 kuotesha msitu katika machimbo makavu ya saruji hapo Bamburi. Kwa mchanga mtupu, panda mvinje kwanza.