Usilipe kabla hujachomoa kitufe cha W: kuhusu hiyo kibodi nyeupe ya gemu

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni kwanza.

Umeuliza mambo manne kwa mpigo: nyeupe itachafuka haraka au la, swichi za bluu au nyekundu (rangi ndiyo jina la aina yake), ya waya au isiyo na waya, na ndogo au ile ndefu yenye namba pembeni. Lakini katikati ya uzi wako kuna sentensi umeipitia mbio kama haina maana: "winga (dalali) kaniambia ni mechanical, boksi limeandikwa mechanical feel, na taa ni za rangi zote, laki na ishirini mwisho." Hapo ndipo unapopigwa. Ukishapigwa hapo, hayo maswali manne hayana kazi tena.

Boksi likiandikwa "mechanical feel", ndani mna mpira. Hilo halihitaji mjadala. Kibodi ya kimakanika ina swichi ya peke yake chini ya kila kitufe: kijumba cha plastiki kinachokaa kwenye tundu la milimita 14 kwa 14, ndani yake springi ya chuma na vyuma viwili vyembamba vinavyogusana ukibonyeza. Kwa swichi za kawaida, herufi inatoka ukibonyeza kama milimita 2, na kitufe kinagota kwenye milimita 4. Ikifa swichi moja, unabadilisha hiyo moja na maisha yanaendelea.

Ya mpira ina shuka moja la mpira lenye vibonge vilivyoinuka, na chini yake karatasi tatu za plastiki. Ya juu na ya chini zimechapwa njia za umeme, ya katikati ina matundu tu. Unabonyeza, kibonge kinabonyea, karatasi ya juu inagusa ya chini kupitia tundu. Ni kazi nzuri tu kwa kibodi ya ofisini ya bei ya chini, sina ugomvi nayo. Ugomvi unaanza pale mtu anapoivisha kofia ndefu (kile kifuniko cha kitufe unachokigusa), akaiwekea kijiti cha bluu cha kushika kofia, akaitia taa, halafu akakuuzia kwa bei ya swichi 104. Soda ikipenya katikati ya zile karatasi, njia inaliwa, W inakufa, na baada ya siku chache vitufe vinavyotumia njia hiyohiyo vinaifuata. Utapeleka kwa fundi, ataifungua, ataipuliza, atakurudishia na skrubu mbili zimebaki mezani. Spea ya W haipo. Spea ni kibodi nyingine.

Na msiseme ni mambo ya viwanda visivyo na jina peke yake. Logitech G213 ina taa za RGB (unazozipa rangi unayotaka) na ni ya mpira, vitufe vyake kampuni yenyewe inaviita Mech-Dome. Razer Ornata wanaiita Mecha-Membrane. Wao wameandika wazi kwenye maelezo yao, ukinunua umenunua ulichokisoma. Shida ni safari ya kutoka kwenye maelezo mpaka mdomoni kwa muuzaji: ikifika Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi neno la pili limeshadondoka njiani, limebaki "mechanical" tu.

Winga simlaumu sana, wiki iliyopita alikuwa anauza feni. Ninaowalaumu ni hawa wa video za "kibodi tano kali chini ya laki moja na nusu". Dakika nane za taa zinazowaka gizani, muziki wa kupasua masikio, kiungo cha kununulia pale chini, na hakuna hata mmoja aliyechomoa kitufe kimoja mbele ya kamera. Kitufe kimoja tu! Kazi ya sekunde tatu. Halafu mtu akihoji kwenye maoni anaambiwa ana wivu. Sawa, mimi nina wivu, nina gubu, na nina vitufe vyote vinavyofanya kazi.

Kwa hiyo sheria ni hii: usilipe kabla hujachomoa W. Si Esc, si ile mishale. W ipo katikati ya eneo litakalofanya kazi kuliko yote, na mwenye duka akiruhusu uchomoe hiyo hana cha kuficha. Mara nyingi ndani ya boksi kuna kichomoleo. Cha waya ni bora, kile cha duara la plastiki kinakwaruza ubavu wa kofia, na kwenye nyeupe mkwaruzo unaonekana. Kama hakipo, nyoosha vibanio viwili vya karatasi, kunja ncha, ingiza kila kimoja pembe yake, vuta juu wima. Usipinde pembeni, unaweza kuvunja kijiti. Muuzaji akikwambia "ukichomoa unaiharibu", mwambie kofia imetengenezwa itoke na irudi. Akikataa kabisa, aga vizuri, uondoke.

Sasa angalia kilichobaki chini. Swichi halisi utaiona mipaka yake: ni kiboksi kilichochomekwa kwenye bamba, kuna mstari wa mwanya kukizunguka pande zote nne, mara nyingi jina la mtengenezaji limechongwa juu (Outemu, Gateron, Kailh, Huano, Cherry), na upande mmoja kuna kidirisha au sehemu ya plastiki angavu ya kupitisha taa. Katikati kuna kijiti chenye umbo la msalaba. Kibonyeze taratibu kwa ncha ya kalamu: kinashuka laini na springi inakirudisha kwa nguvu inayopanda taratibu kadiri kinavyoshuka, isipokuwa bluu na kahawia ambazo zina kagingi katikati. Kwenye feki, kile kibomba kinachoshika kijiti kimeungana na bodi yenyewe, plastiki moja, rangi moja, hakuna mwanya wowote. Kijiti kinaweza kuwa na msalaba uleule na rangi ya bluu ileile, usidanganyike na rangi. Ukikibonyeza kinagoma kidogo, kisha kinazama ghafla na kugota kwenye kitu laini. Huo ndio mpira.

Uzito nao usikubabaishe, wengine wanaweka bamba la chuma chini ya mpira ili ukiinyanyua useme "kweli hii mashine."

Kama bado una shaka, beba waya wa OTG (ule wa kuunganisha kibodi na simu) uichomeke kwenye simu yako ya Android palepale dukani. Itawaka, itaandika. Fungua sehemu ya kuandika ujumbe, shikilia Shift zote mbili kwa pamoja bila kuachia, halafu andika "the quick brown fox jumps over the lazy dog". Sentensi hiyo ina herufi zote za alfabeti ya Kiingereza. Kibodi nyingi za mpira zitakula herufi kadhaa, utaona maneno yenye mapengo. Sababu ni kwamba vitufe vinagawana njia kwa safu na mistari: vikibonyezwa vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja, kibodi haina namna ya kujua kama cha pembe ya nne kimebonyezwa au la, kwa hiyo inakizuia. Kibodi nzuri ya kimakanika inaweka dayodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila swichi na tatizo linakufa. Boksi linaposema "vitufe 19" au "vitufe 25 havigongani", ujue wameokoa W, A, S, D na majirani zao tu, kwingine kote mgongano upo palepale. Na wewe umesema mnacheza gemu la mpira wa miguu wawili kwenye kompyuta moja, mmoja WASD mwingine mishale! Dakika ya tisini mwenzako anakimbia, wewe unapiga shuti, shuti halitoki. Mtagombana, na mwenye kosa ni karatasi ya plastiki.

Taa. Hapa pia kuna kamtego kadogo, na hata kibodi ya kimakanika kweli inaweza kuwa nako. "Rainbow" na RGB si kitu kimoja. Rainbow ni taa za rangi zisizobadilika: mstari wa juu mwekundu, unaofuata wa njano, na kuendelea hivyo. Zinacheza, zinapepesa, zinafanya wimbi, lakini S ikiwa kijani itabaki kijani mpaka siku ya kufa. RGB ina taa tatu ndani ya kila nukta na unaipa rangi unayotaka. Redragon K552 Kumara, ile ya vitufe 87, ni mfano mzuri: ni ya kimakanika kweli, ila imetoka ikiwa na taa nyekundu tupu, imetoka na rainbow, imetoka na RGB, na zote ni Kumara. Soma namba ya modeli yote mpaka mwisho, usiishie kwenye jina. Kuipima ni rahisi: iambie iwake nyeupe tupu kibodi nzima. Rainbow haiwezi. RGB itaweza, ingawa nyeupe ya zile za bei ya chini huwa na ubluu au upinki kidogo, na hilo si kosa la kukunyima usingizi. Bodi nyeupe inaurudisha mwanga vizuri kuliko nyeusi, hiyo ni faida halali, wala sipingi.

Kuhusu kuchafuka: ndiyo, itachafuka, ila uchafu si adui, uchafu unaoshwa. Adui ni rangi ya kupakwa. Ukiwa umeshaichomoa ile W (unaona inavyokuja vizuri?), igeuze uangalie ndani. Ukiona plastiki angavu kama maziwa mepesi na nyeupe ipo nje tu, hiyo imepakwa rangi halafu herufi ikachomwa kwa leza. Rangi itaanza kubanduka kwenye W, A, na pale kidole gumba kinapogonga kitufe cha nafasi, na taa itachungulia kwenye makovu. Ukiona plastiki mbili zimeshonana, herufi inaonekana imejengwa kwa ndani, hiyo ni ya plastiki mbili na herufi yake haifutiki. Plastiki ikiwa PBT ni bora zaidi: haing'ai kwa mafuta ya vidole haraka na inavumilia jua. ABS, ile plastiki ya kawaida, inageuka manjano ikikaa dirishani. Na kumbuka kwamba hata ukipata kofia za PBT, fremu yenyewe kwa kawaida ni ABS, kwa hiyo isogeze mbali na dirisha, la sivyo utakuwa na vitufe vyeupe juu ya fremu ya rangi ya chai ya maziwa. Nyeupe zinazopitisha mwanga zina kasoro nyingine: ukizima taa mchana, herufi hazisomeki vizuri, nyeupe juu ya nyeupe. Kama huandiki bila kuangalia, jipime.

Kuosha: chomoa kofia zote (piga picha kwanza, utanishukuru ukifika kwenye alama za pembeni), loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo saa chache, suuza, kausha siku nzima kabla ya kurudisha. Maji ya moto yanapinda ABS. Asetoni ya kutolea rangi za kucha inaiyeyusha kabisa.

Kitu kingine cha kuangalia ukiwa bado pale dukani ni kama swichi zenyewe zinachomoka. Kwa walio Zanzibar, Tanga, Mombasa, hewa ya chumvi na vumbi vinachafua vyuma vya swichi mpaka ukibonyeza A unapata "aa". Ikichomoka, unaitoa, unaweka nyingine, dakika moja. Ikiwa imelehemiwa, ni kufungua bodi nzima, kuyeyusha na kunyonya lehemu kwenye miguu miwili, na fundi asiye makini anang'oa na njia ya shaba yenyewe. Na "zinachomoka" nayo iulizie: bodi nyingi za bei ya chini matundu yake ni membamba, yametengenezwa kwa miguu myembamba ya Outemu. Ukilazimisha Gateron au Cherry humo unapanua au kuvunja tundu. Swichi zenye miguu mitano kwenye bodi ya matundu matatu zinaingia, ila ukate ile miwili ya plastiki kwanza.

Bluu au nyekundu? Unalala chumba kimoja na mtu? Nyekundu. Ni laini, inabonyezwa kwa gramu 45 hivi, haina kelele nyingi. Bluu inapiga "tiki" kila herufi, wewe utaipenda, mwenzako ataitupa dirishani.

Duka likikubali uchomoe W, piga picha ya kilichopo chini yake na ya ndani ya kofia, ziweke hapa kabla hujalipa. Mtu atakujibu ndani ya nusu saa, na winga anaweza kusubiri nusu saa.