Usiuze hiyo parseli, Baba Mapacha

Baba Mapacha, mnunuzi akipiga simu leo usipokee. Umeandika kwamba kijana wako ni wa kwanza darasani kwa mapadri tangu alipoanza, kwamba Septemba anaingia mwaka wa tano, na kwamba unataka kuuza parseli, kile kiwanja chako cha Kasapa, umpeleke shule ya kulipia, dola 3,800 kwa mwaka, kwa sababu promota, mwenye shule hiyo, amekuambia vyuo vikubwa vya Marekani vinapenda watoto wa "shule kama yetu". Nimesoma hayo usiku, usingizi ukanipaa. Hayo maneno ya promota nayajua moja moja. Mimi niliyanunua kwa dola 3,500. Naona bei imepanda.

Binti yangu alikuwa kwa masista miaka minne. Walimu walimjua mpaka jina la utani. Nikamtoa mwanzoni mwa mwaka wa tano, kama unavyotaka kufanya wewe, nikauza Toyota iliyokuwa inabeba abiria kati ya mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na mjini. Ndiyo maana siku hizi mkiniona natembea kwa miguu nawaambia ni ushauri wa daktari.

Shule mpya ilikuwa na jenereta, basi la njano kama la kwenye sinema, na ofisini kwa promota ramani ya Marekani ukuta mzima. Nadhani ramani ile ndiyo niliyoilipia.

Ubaya ni kwamba bwana yule hakudanganya kila kitu. Mwaka 2023 wachumi watatu, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vya juu vya Marekani. Watoto wa ile asilimia 1 ya familia tajiri kuliko zote walikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya kusoma humo kuliko watoto wa watu wa kati wenye alama zile zile za mtihani. Wengine walibebwa kwa sababu wazazi wao walisoma hapo, wengine kwa michezo, na wengine kwa yale yanayopimwa nje ya darasa, ambapo shule za kulipia zinawapeleka mbali. Si haki, na Wamarekani wenyewe wanagombana juu yake. Lakini jiulize shule hizo za kwao zinauza nini hasa. Zinauza mtu. Mshauri mwenye wanafunzi wachache, anayemjua kila mmoja na anayekaa miezi akiandika habari zake, wakati mwenzake wa shule ya serikali kule kule Marekani anabeba kwa wastani zaidi ya wanafunzi 300. Sisi tukaona basi la njano tukadhani ndilo dawa.

Sasa nikuoneshe barua. Ilikuwa Desemba, wiki mbili kabla ya tarehe 1 Januari ambayo vyuo vingi vya aina hiyo vinafunga mlango wa maombi. Katibu wa shule akaniita nilipe dola 50 za "barua ya mapendekezo", ile ambayo shule inamwandikia mtoto anapoomba chuo. Nikasema silipii nisichokiona. Akaichapa, nusu ukurasa. Kiingereza changu ni cha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, cha kupitisha magunia ya unga, lakini hata mimi niliona kwamba jina kwenye mstari wa tatu si la mwanangu. Nikaipiga picha, nikamtumia mpwa wangu wa Ndola. Alinipigia akicheka, halafu akanyamaza. Katika aya ya kwanza binti yangu ni mvulana. Katika ya pili ni nahodha wa mpira wa kikapu, na shule ile haikuwa na hata pete ya kutumbukizia mpira. Ya tatu inasema ana bidii na adabu. Basi, imeisha. Mwaka na miezi mitatu pale, dola 7,000 zimeshaingia, na wanachojua ni bidii na adabu!

Nilipokwenda kupiga kelele, promota akaniambia bila aibu kwamba barua zote zinafanana ili pasiwe na upendeleo. Usawa gani huo jamani. Wakarekebisha jina na mvulana. Nahodha akabaki, "anapendeza". Mwishoni mwa Machi majibu yakaja: vyuo sita, hapana sita. Sisemi angeingia, Harvard peke yake inachukua kama watu 4 tu kwa kila 100 wanaoomba. Nasema hakuombewa yeye, aliombewa mvulana wa kikapu.

Kile kilichoniua kilikuja Agosti. Nilirudi kwa masista kuchukua buletini za zamani, zile karatasi za alama, za kumwandikisha UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, nikamkuta mwalimu wake wa hesabu langoni. Nikamsimulia. Akaniangalia kama mtu aliyemwaga mafuta ya kupikia. "Mbona hukuniambia? Tulipogoma wiki tatu, huyu mtoto aliwafundisha wenzake logarithmi chini ya mwembe. Mimi niko nyumbani nadai mshahara, darasa langu linaendelea. Ningeandika hilo." Mimi baba yake nilikuwa sijui habari za mwembe. Yeye alijua, na mimi ndiye niliyemtoa mtoto mikononi mwake.

Kule Marekani kulikuwa na Rick Singer, aliyeshtakiwa 2019 kwa kuwauzia matajiri kile alichokiita mlango wa pembeni, yaani kuwaingiza watoto wao vyuoni kwa udanganyifu, akafungwa. Angalau yule alikuwa na mlango. Huyu wetu alichora dirisha ukutani akatuambia turuke.

Na pesa ya parseli ni ya nini hasa? Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wa mzazi wanapochagua, hata kwa mtoto wa nje, na wakimpokea wanajazia pale unaposhindwa. Vyuo vingine vingi vinamwangalia mgeni mfukoni, kwa hiyo soma ukurasa wa msaada wa kila chuo kabla ya kutuma dosie ya maombi. Kuusoma ni bure. Promota hakuniambia.

Kesho, kabla ya kwenda kwa mthibitishaji, pita kwa mapadri saa ya mapumziko. Mwache prefe, mkuu wa shule, ofisini kwake. Tafuta mwalimu anayemfokea kijana wako kuliko wote, mwulize amtajie jambo moja alilolifanya ambalo halimo kwenye buletini. Akikosa la kusema, rudi hapa tuzungumze bei ya parseli.